Punda Aliyehesabiwa Siku za Farasi

Ninyi mnaotoka chuoni sasa, wenye vyeti vipya na viatu ambavyo havijaonja vumbi la Embu ya chini, nimeombwa mara kadhaa niwaandikie jambo la kuwafaa kazini. Nimechelewa kwa sababu kila nilipokaa kuandika nilianza kuwaza. Watacheka? Mambo haya si yamepitwa na wakati? Na nikianza na makosa yangu, nani ataamini kwamba niliwahi kupatia? Nimestaafu na bado nawaza hivyo. Basi niacheni nianze na punda jike mmoja, maana chuo kilishanitangaza kuwa nimehitimu, lakini ni yeye aliyenianzisha kazi.

Chuoni tulisoma farasi kwa muhula mzima. Punda alipata nusu ukurasa, na katika hiyo nusu ukurasa sentensi mbili zilituambia turudi tukasome farasi. Mimi nilichokitoa pale ni majina. Nilifurahi mno kujua kwamba Waingereza wana jina la punda jike peke yake: jenny. Dume ni jack. Farasi jike ni mare. Nyumbu, yule anayezaliwa na farasi jike kwa punda dume, akiwa jike huitwa molly, na ukigeuza wazazi, mama awe punda na baba awe farasi, mtoto anaitwa hinny. Niliyakariri nikiwa kitandani hosteli. Nilidhani mtu akijua jina la mnyama, nusu ya kazi imekwisha.

Nikapangiwa kazi miaka ya tisini, katika kituo kidogo cha mifugo kule upande wa joto wa Embu. Mimi ni mtoto wa Kanyakine, mahali pa chai na ng'ombe wa maziwa. Punda nilikuwa nimewaona sokoni tu. Nilifika na sanduku moja na vitabu vingi, nikapokewa na Mzee Ireri, msaidizi wa afya ya mifugo, ambaye alikuwa amekaa kituoni hapo tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Hakuwa na digrii. Alikuwa na koti la kaki, miwani iliyofungwa kwa uzi, na tabia ya kukubali kila ulichosema kisha kufanya kitu kingine polepole.

"Karibu, Madam Daktari," aliniambia siku ya kwanza. "Hapa ng'ombe ni wachache, mbuzi ni wengi, na punda ndio wanatuletea maji. Punda akianguka, watu hawaogi."

"Mna ma-jenny wangapi?" nikauliza.

Akanitazama. "Hao ni watu wa kanisa gani?"

Nikamweleza. Akacheka hadi akavua miwani. Kule hata walimu, wakizungumza Kiingereza, walisema she-donkey na maisha yakaendelea. Lakini mimi sikukoma. Kwenye ripoti zangu zote niliandika jenny, tena kwa fahari, na mwezi mmoja mpiga chapa akaweka herufi kubwa mwanzoni. Kutoka ofisi ya wilaya ukaja ujumbe ukiuliza huyo Jenny mjamzito ni mtumishi wa daraja gani, na kama ameshajaza fomu ya likizo ya uzazi. Mzee Ireri aliubandika ujumbe huo ukutani, juu ya ndoo ya kuoshea mikono. Kila mgeni aliusoma.

Jenny mwenyewe alikuwa punda wa Mama Njeru.

Mama Njeru alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyekaa mwendo wa saa nne kutoka kituoni, huko chini karibu na mto. Alikuwa na punda wawili. Jike aliitwa Kairitu, yaani kasichana. Mwenzake alikuwa dume mzee aliyehasiwa, jina lake Diwani, kwa sababu, alisema Mama Njeru, alipenda sana kusimama mbele za watu bila kufanya lolote. Wawili hao walibeba maji ya nyumba yake, ya mama yake mzazi aliyekuwa kipofu, na ya shule ya chekechea iliyokuwa jirani. Diwani alikuwa anazeeka. Magoti yalitetemeka akipanda ukingo wa mto. Kairitu alikuwa ameshazaa mara moja na mtoto akafa siku ile ile. Sasa alikuwa na mimba ya pili, na mtoto huyo ndiye angekuja kushika nafasi ya Diwani. Mama Njeru hakuzungusha maneno.

"Daktari, huyu mtoto akipotea, mimi ndio punda," aliniambia.

Nikamuuliza Kairitu alipandwa lini. Akajibu, "Tulikuwa tunavuna ndengu." Nikageuza hilo kuwa tarehe: Januari. Nikaandika kwenye daftari langu, nikapiga mstari mara mbili chini yake, nikaona nimefanya kazi ya kisayansi.

Hapa nataka mnielewe vizuri. Mtu mwenye wasiwasi si mvivu. Mimi sikulala nikimfikiria yule punda. Nilichora jedwali. Nilihesabu miezi kumi na mmoja kutoka Januari, ikaangukia Desemba, nikaizungushia duara jekundu. Miezi kumi na mmoja ni ya farasi. Mdomoni nilimwita jenny, na nilimsahihisha kila aliyemwita vinginevyo, lakini kichwani nilikuwa namhesabia siku za mare. Sikugundua. Ningegunduaje, wakati kitabu kilikuwa kimeniambia nirudi kwa farasi?

Desemba ikafika. Ndengu zilikuwa shambani na maganda mabichi. Duara jekundu likapita kwa siku nne, kisha sita, kisha tisa. Kairitu hakuzaa. Nikaanza kuona mambo ya kutisha kichwani: mtoto amekaa vibaya, mtoto amekuwa mkubwa mno, mtoto amekufa na anaoza ndani. Kwa bahati mbaya wiki hiyo pikapu ya serikali ilikuwa na mafuta, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. Nikaenda kwa Mama Njeru.

"Amechelewa," nikamwambia. "Nataka akapumzike kituoni, chini ya uangalizi."

"Amechelewa wapi?" akauliza.

"Siku zake zimepita."

Akaniangalia, kisha akaangalia pikapu, kisha kile kikoti changu cheupe. Nilikuwa daktari na yeye alikuwa ameniita daktari. "Sawa," akasema. "Na Diwani?"

"Diwani si mgonjwa. Abaki."

Tulimpandisha Kairitu garini kwa ubao. Wakati tunaondoka Diwani alisimama katikati ya njia akalia, ile sauti yao ya kuvuta hewa kama pampu mbovu, na alilia hadi tukapinda kona. Mzee Ireri, aliyekuwa ameketi nyuma na Kairitu, alisema kitu kimoja tu tulipofika: "Madam, huyu amekuwa akiangalia nyuma njia nzima." Nikamjibu kwamba ni mtikisiko wa barabara.

Nilimwandalia zizi safi kuliko chumba changu. Nyasi kavu, maji ya ndoo, kivuli. Hakula. Siku ya pili nikamletea mabua mabichi, maganda ya viazi vitamu, hata chumvi mkononi. Alisimama akitazama upande wa mto, masikio yameanguka pembeni, hata nzi hawafukuzi. Nilimpima joto kila saa. Niliweka mkono ndani kumpapasa mtoto, na sikuhisi akicheza. Nilijaribu tena. Kimya. Sijui kama mnaelewa maana ya kimya hicho kwa mtu wa miaka ishirini na tano aliyekuja kuonyesha ujuzi.

Jioni ya siku ya pili nilimwambia Mzee Ireri kwamba mtoto amekufa, na kwamba kesho asubuhi nitamdunga Kairitu dawa ya kuchochea uchungu ili amtoe, tumwokoe mama.

"Chuchu hazijajaa," akasema.

"Mtoto akifa, maziwa hayaji."

"Ni kweli hiyo," akakubali, na nilipaswa kushuku pale pale.

Asubuhi ya siku ya tatu niliamka na uamuzi. Siku hizo, vijana, hatukuwa na sindano za kutupa kila siku. Kituoni tulikuwa na bomba la kioo na sindano za chuma, na kila mara ilibidi zichemshwe kwenye sufuria juu ya jiko la makaa. Hiyo ilikuwa kazi ya Mzee Ireri. Asubuhi hiyo, makaa yalikataa kushika. Aliyapuliza. Akaenda kutafuta makaa mengine. Akarudi akagundua maji ya sufuria yana udongo, akayamwaga, akaenda kuteka mengine. Maji yalipoanza kutoa mvuke akatoa kile kibomba cha kioo, akakiangalia kwenye mwanga, akasema kina ufa.

"Hakina ufa, Mzee."

"Macho yangu, Madam. Hebu nikifute nione vizuri."

Akakifuta kwa kitambaa. Akavua miwani. Akaifuta miwani. Akaanza kunisimulia habari za afisa mmoja Mzungu wa zamani aliyeogopa mbuzi. Mimi nilikuwa natembea huku na huku kama mwenye kesi. Nilimwambia kwa ukali, jambo ambalo bado linanisuta, kwamba yeye ni msaidizi na mimi ndiye ninayebeba lawama.

"Ndiyo, Daktari," akasema kwa upole. "Ndiyo sababu nataka maji yachemke vizuri."

Yalikuwa yamechemka karibu nusu saa niliposikia kule barabarani ile sauti ya pampu mbovu.

Kairitu aliinua kichwa. Masikio yakasimama wima. Kisha akajibu, kwa nguvu ambazo sikujua anazo, na zizi lote likatetemeka. Mama Njeru aliingia getini akiwa amefunga leso kiunoni, miguu imejaa vumbi hadi magotini, akimwongoza Diwani kwa kamba. Walikuwa wameondoka kabla jua halijatoka. Mzee Ireri alikuwa amemtumia ujumbe tangu jioni, kwa mwalimu aliyekuwa anashuka huko kwa baiskeli.

Mama Njeru hakunisalimia kwanza. Alifungua mlango wa zizi akamsukuma Diwani ndani. Yule punda mzee akaenda moja kwa moja, akaweka shingo yake juu ya shingo ya Kairitu, wakakaa hivyo kwa muda. Kisha Diwani, ambaye aliletwa kwa mapenzi lakini alikuwa na njaa ya safari, akaanza kula mabua. Kairitu akamtazama. Akashusha kichwa. Akala.

Nilisikia yale mabua yakivunjika mdomoni mwake na nikaketi chini, pale pale kwenye vumbi, na kikoti changu cheupe.

"Hii punda haijawahi kula peke yake," Mama Njeru akasema. "Tangu ikiwa ndogo. Si ungeniuliza tu?"

"Mtoto hachezi, Mama. Nimempima."

"Umempima saa ngapi?"

"Kila saa."

Akacheka kidogo. "Watu wote wanachoka wakipimwa kila saa." Akachukua ndoo ya maji ya kisima, yaliyokuwa bado baridi, akamnywesha Kairitu mpaka akatosheka. Kisha akanishika mkono wangu, akaufungua kiganja kama wa mtoto anayefundishwa kusalimia, akauweka ubavuni mwa punda, chini, mbele kidogo ya kiwele. "Ngoja. Usibonyeze. Ngoja."

Tukangoja. Nilikuwa tayari nimeanza kupanga maneno ya kuomba radhi, na ripoti nitakavyoiandika, niliposikia teke. Dogo, kama mtu anayebisha mlango bila uhakika kama kuna mtu ndani. Halafu la pili, kubwa.

"Maji baridi yanamwamsha," akasema Mama Njeru.

"Lakini miezi kumi na mmoja imepita."

"Ni nani alisema kumi na mmoja?" Akamgeukia Mzee Ireri. "Ni wewe?"

"Mimi? Mimi nilikuwa nachemsha maji."

Mama Njeru akanionyesha kwa mkono upande wa mashamba. "Ndengu bado ni mbichi. Si unaziona? Nilikwambia alipandwa tukivuna. Punda anangoja ndengu zirudi, zivunwe, zipigwe, ndipo anaanza kufikiria. Mwingine anangoja hata tukishaanza kulima tena. Hana haraka kama ng'ombe."

Mwaka mzima, na zaidi. Aliniambia siku ile ya kwanza, kwa hesabu iliyokuwa imesimama shambani mbele ya macho yangu, na mimi nikaigeuza kuwa tarehe, kisha nikaipima kwa mnyama mwingine.

Baadaye nilisoma, tena nilisoma sana, kwa hofu. Nikajua kwamba punda akigoma kula, mafuta ya mwili wake humwagika kwenye damu, na jike mwenye mimba anaweza kufa kwa hilo kabla hujajua ugonjwa ni nini. Kwa hiyo nilikuwa nimemweka kwenye hatari mbili kwa siku tatu: ya kwanza kwa kumtenga, ya pili ilikuwa inachemka kwenye sufuria. Kilichokiokoa kile kiumbe ni ukaidi wa mzee mmoja na miguu ya mwanamke mmoja. Mengine ninayojua kuhusu punda nimeyajenga juu ya hapo. Miaka ya mbele, nilipohamishiwa Meru mjini, wenye mikokoteni ya mchanga walizoea kuniletea punda aliyegoma kula. Nilikuwa nawauliza kwanza, kabla hata ya kumshika: "Mwenzake yuko wapi?" Wengi walidhani nina uganga.

Siku ile pikapu haikuwa na mafuta tena. Nikaomba ruhusa, nikashuka nao kwa miguu, Mama Njeru mbele, punda wawili katikati ubavu kwa ubavu, mimi nyuma nikila vumbi lao. Tulipopumzika chini ya mti wa mgunga nilimwambia habari ya dawa. Ningeweza kunyamaza, hakuwa ameiona sindano. Lakini nilijijua: nisingelala. Nikamwambia ingemtoa mtoto, na kwamba angetoka hajakomaa, na angekufa.

Akachora chini kwa kijiti.

"Ireri alijua?"

"Alijua. Ndiyo maana maji yalichelewa kuchemka."

"Haya," akasema, akasimama. "Twende, jua linapanda."

Hakusema zaidi, na mimi niliubeba ule ukimya wake kwa wiki sita. Niliwaza kwamba hataniita tena. Niliwaza kwamba ameshawaambia watu wa mtoni. Mzee Ireri alichoka kuniona. "Madam, wewe ndiye umechelewa kuzaa sasa," aliniambia.

Ndengu zikavunwa. Zikaanikwa, zikapigwa kwa fimbo, maganda yakalishwa mbuzi. Ndipo asubuhi moja yule mwalimu wa baiskeli akapita kituoni akasema Mama Njeru anamwita daktari.

Nilifika jua likiwa limeshapanda. Mtoto alikuwa amesimama kwa miguu minne mirefu isiyoelewana, bado ana unyevu shingoni, akitafuta ziwa mahali pasipo na ziwa. Jike. Kairitu alikuwa anamsukuma taratibu kwa pua, na Diwani amesimama mlangoni mwa zizi akizuia kila mtu kuingia, kazi ya kwanza ya maana niliyowahi kumwona akifanya. Nilimkagua mtoto kitovu, mdomo, mapigo ya moyo. Kila kitu kilikuwa sawa.

Mama Njeru aliniletea chai na kiti cha chini. Nikatoa daftari. Safari hii sikuandika tarehe kwanza. Nikamwomba aniambie yote anayoyajua kuhusu punda jike, tangu mwanzo, na asiruke kitu kwa kudhani nimesoma.

Akaniambia. Aliniambia namna ya kumtambua anayetaka dume kwa jinsi anavyotafuna hewa bila kuwa na kitu mdomoni. Aliniambia maziwa ya mwanzo ni kama maji ya mchele, kisha yanakuwa mazito na kunata, na yakinata kidoleni usiende mbali na nyumbani. Aliniambia usimpe mwenye mimba mzigo wa kushuka mteremko, kwani wa kupanda anaumudu. Niliandika ukurasa baada ya ukurasa. Nikamtazama yule mwanamke ambaye sijui kama aliwahi kumaliza darasa la nne, nikaona kwamba hakuna mwalimu wangu hata mmoja aliyewahi kunieleza mnyama mmoja kwa ukamilifu namna ile.

Kisha akafika kwa yule mtoto wa kwanza wa Kairitu, aliyekufa.

"Jirani waliniambia nimtupe haraka, mbwa wasije. Nikakataa. Nilimwachia mama yake. Alimlamba, akamsukuma, akamnusa siku nzima na Diwani akiwa hapo. Jua likienda kuzama akaondoka mwenyewe, akaenda kula. Ndipo nikamzika. Ukimnyang'anya kabla hajajua, atamtafuta mpaka afe."

Nilikuwa nimeacha kuandika.

"Hata ungemdunga ile sindano yako," akaendelea kwa sauti ile ile ya chini, bila hasira, kama anayenieleza kipimo cha chumvi, "ningekuja, tungemwacha naye hivyo hivyo, mimi na wewe tukingoja. Andika hiyo pia, Daktari. Siku moja utaihitaji kwa mtu mwingine."

Nikaandika.